Sheria itasomwa tu, ishu ni kabla au baada ya kupitishwa

Ukitaka kujua sheria inavyozaliwa pale Dodoma usihangaike na video za wabunge wanaorushiana maneno, chukua Hansard, ile kumbukumbu rasmi ya mijadala ya Bunge, ya siku ambayo muswada ulipita, nenda moja kwa moja kule mwishoni Bunge linapokaa kama Kamati ya Bunge Zima. Utakuta Ibara ya 1, Ibara ya 2, Ibara ya 3, na chini yake mstari kwenye mabano kwamba ibara zilizotajwa hapo juu zilipitishwa na Kamati ya Bunge Zima bila mabadiliko yoyote. Alafu Ibara ya 4, ya 5, ya 6, mstari uleule. Kurasa na kurasa. Mwenyekiti anahoji wanaoafiki, ndiyo zinaitikiwa, anahoji wasioafiki, tunasonga mbele. Kifungu ambacho mwakani kinaweza kumlaza mtu gerezani Segerea kinapita ndani ya sekunde chache.

Mi utaratibu wenyewe siulaumu. Mabunge mengi yaliyorithi mtindo wa Uingereza yako hivohivo, kazi ya kusoma na kubishana inatakiwa iwe imeshaisha huko nyuma kwenye kamati, ukumbini mnakuja kumalizia tu. Shida inaanza pale ambapo huko nyuma nako hakukuwa na muda, manake hapo unajikuta sheria haikusomwa popote na mtu yeyote isipokuwa yule aliyeiandika.

Na kanuni zetu kwa hali ya kawaida wala sio mbaya. Muswada unatakiwa utangazwe kwenye Gazeti la Serikali siku zisizopungua 21 kabla ya kusomwa mara ya kwanza, unaenda kamati, kamati inaita wadau, ndo unarudi kujadiliwa. Ukifuata njia hiyo vizuri mwanasheria wa Mwanza anaweza kuupata, akausoma, akaandika barua yake, ikafika. Ila kuna mlango wa pembeni unaitwa hati ya dharura. Rais akisaini hati kwamba muswada huu ni wa haraka, zile siku 21 zinayeyuka, unaweza kuingia leo na kupita ndani ya wiki. Mlango wenyewe una maana yake, nchi inaweza kupatwa na jambo. Tatizo ni kwamba ukiangalia sheria nzito tulizonazo, zile zinazogusa mafuta, madini, mitandao, asasi, nyingi zimeingilia mlangoni humo.

Chukua mwaka 2015. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipita mwanzoni mwa Aprili kwa hati ya dharura, na humo ndani kuna kile kifungu cha 16 cha taarifa za uongo ambacho baadae watu walipandishwa nacho kizimbani kwa maneno waliyoandika Facebook na WhatsApp. Miezi mitatu mbele, Julai, Bunge likiwa linakaribia kuvunjwa kwa ajili ya uchaguzi, ikaletwa miswada mitatu ya mafuta na gesi kwa mpigo, tena kwa dharura, wapinzani wakagoma wakisema hii kitu inahitaji muda, Spika Makinda akawasimamisha baadhi yao, miswada ikapita. Gesi ambayo iko chini ya bahari miaka na miaka, ingetukimbilia wapi?

2017 ndo kesi ninayoipenda kuitaja kwa sababu mimi binafsi sehemu kubwa ya sheria zile naikubali. Mwishoni mwa Juni ikaja miswada ya maliasili, ule wa umiliki wa kudumu, ule wa kupitia upya mikataba yenye masharti hasi, na ule wa marekebisho uliogusa Sheria ya Madini, mrabaha wa dhahabu, yaani malipo ya mchimbaji kwa serikali, ukapanda kutoka asilimia 4 kwenda 6, serikali ikapata hisa zisizopungua asilimia 16 kwenye kampuni za migodi. Kufikia wiki ya kwanza ya Julai miswada yote ikawa imeshapita. Wengi tulishangilia na sioni aibu. Lakini Sheria ya Madini iliyokuwa inarekebishwa ilikuwepo tangu 2010, miaka saba, na malalamiko ya makinikia, ule mchanga wenye madini, hayakuanza mwaka huo. Wiki tatu zaidi zingepunguza nini? Ukiniambia wawekezaji wangefanya lobi nitakuelewa, ila na hapo jibu ni kuwaita mbele ya kamati waseme hadharani. Kumnyima mbunge wa Geita muda wa kusoma hakumzuii mtu wa lobi kupiga simu usiku.

Sasa nieleze kwa nini muda wenyewe ni kitu, kwa wale wanaosema mbunge makini atasoma tu hata usiku mmoja. Kuna aina ya muswada unaitwa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali. Ukiushika unaweza kudhani ni mwepesi, hauna kurasa nyingi. Ukifungua ndani umeandikwa kwa namna hii: Sheria Kuu inarekebishwa katika kifungu fulani kwa kufuta maneno fulani yaliyopo kwenye kijifungu cha pili na badala yake kuweka maneno fulani. Basi. Hujaambiwa kifungu chenyewe kinasema nini. Ili ujue kilichobadilika inabidi ufungue ile sheria kuu, ambayo nayo labda ilisharekebishwa mara tatu huko nyuma, uunganishe mwenyewe ndo ujue kwamba neno "anaweza" limegeuka "lazima", au kwamba rufaa iliyokuwa inaenda mahakamani sasa inaishia kwa waziri. Muswada mmoja wa hivo unagusa sheria nane, kumi, mpaka zaidi. Kwa hiyo kurasa chache alizonazo mheshimiwa kwenye kishikwambi chake zinamdai asome kitabu kizima pembeni, na kwa miaka mingi vyote hivyo vilikuwa kwa Kiingereza cha kisheria wakati mjadala unafanyika kwa Kiswahili, mpaka marekebisho ya 2021 ndo Kiswahili kikatangazwa lugha ya sheria. Mtu aliyesomea kilimo au ualimu, ambaye wananchi wamemchagua kihalali kabisa, unampa siku mbili afanye kazi ambayo wakili mzoefu angeomba wiki.

Na kuna jedwali la marekebisho. Hili watu wa nje ya mjengo hawalijui. Muswada unaweza kuwa umesomwa vizuri, kamati imekaa, wadau wamesema, alafu siku ya mwisho inagawiwa karatasi ya serikali yenye mabadiliko, ibara hii inafutwa, ile inaandikwa upya, na kura inapigwa siku hiyohiyo. Hata bila hati ya dharura. Mara nyingi jedwali ni jema, manake ndo humo maoni ya kamati na ya wadau yanaingia. Ila ni karatasi ambayo haijakaa Gazetini hata siku moja na nguvu yake ni sawa na muswada mzima.

Ushahidi kwamba sheria hizi husomwa baadae upo, tena wa kwetu wenyewe. Septemba 2018 yalipitishwa marekebisho ya Sheria ya Takwimu yaliyofanya kuwa kosa la jinai kutoa takwimu zinazokinzana na zile rasmi. Baada ya kupita ndo watafiti wakasoma, Benki ya Dunia nayo ikasoma na mwanzoni mwa Oktoba ikatoa tamko la wasiwasi. Juni 2019 Bunge lilelile likarudi kufuta lile kosa. Hata mwaka haukuisha. Na cha kuchekesha, kama unaweza kucheka, yale marekebisho ya 2019 yaliyokuja kusafisha makosa ya 2018 yakaja nayo kwa hati ya dharura, ndani ya muswada wa sheria mbalimbali uliogusa pia asasi, makampuni, filamu, ukapita tarehe 27 Juni, na mashirika yaliyokuwa yamesajiliwa kama kampuni lakini yanafanya kazi za asasi yakajikuta yamepewa miezi miwili tu kuhamia kwenye usajili mwingine. Wahasibu na wanasheria wa hayo mashirika ndo walikuwa wasomaji wa kwanza wa kweli wa sheria ile, wanasoma huku saa inawakimbiza.

Kwa hiyo hoja yangu ni hiyo tu. Hakuna sheria isiyosomwa. Usiposoma kabla ya kura, atakuja kuisoma polisi, hakimu, mtu wa TRA (mamlaka ya mapato), mama mwenye kibanda cha miamala, na wote hao wakikuta kasoro hawana jedwali la marekebisho mkononi.

Tozo ya miamala ya simu ya 2021 inaonyesha upande mwingine wa jambo hili. Haikufichwa, tusidanganyane, waziri wa fedha aliitaja kwenye hotuba ya bajeti Juni 10 kwamba itakuwa kati ya shilingi 10 na 10,000 kulingana na kiasi. Ikaingizwa kwenye Sheria ya Fedha kwa kurekebisha Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa. Kati ya hotuba na mwaka mpya wa fedha kuna wiki tatu hivi, na wiki hizo Bunge linajadili bajeti yote. Julai 15 ikaanza, na siku hiyo ndo hesabu ikafanyika, na haikufanyika Dodoma, ilifanyika kwa wakala: unatuma, unakatwa makato ya kampuni na tozo juu yake, yule wa kijijini anatoa, anakatwa makato na tozo tena. Kelele zikapigwa nchi nzima, Rais akaagiza iangaliwe upya, Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30 na mwaka uliofuata ikashushwa tena. Kile kifungu mtu angeweza kukisoma kwa dakika tano. Kilichokosekana ni muda wa mtu kukaa na kalkuleta, achukue laki moja ya kumtumia mzazi aifuate njia yake yote mpaka inafika mkononi. Kusoma sheria ya kodi bila kufanya hesabu ni sawa na hujaisoma.

Mkataba wa bandari na Dubai nao najua sio muswada, ulikuja kama azimio la kuridhia, lakini umekaa palepale. Ulisainiwa Oktoba 2022. Ukaridhiwa na Bunge Juni 10, 2023, siku ya Jumamosi. Zaidi ya miezi saba uko kwenye makabati ya serikali, alafu ulipofika zamu ya wananchi na wabunge wao mambo yakahesabiwa kwa siku. Kilichofuata kila mtu anakumbuka, mjadala wa nchi nzima, kesi Mahakama Kuu Mbeya, maaskofu Katoliki wakatoa waraka wao Agosti, watu wakakamatwa. Moja ya maswali makubwa lilikuwa ukomo, mbona hauonekani muda wa mwisho? Oktoba 2023 mikataba ya utekelezaji iliposainiwa Chamwino serikali ikasisitiza kwamba ni miaka 30 na ufanisi utapimwa kila miaka mitano. Jibu zuri. Kwa maoni yangu lingetoka Mei lile joto lote lingekuwa nusu, na hata waliokuwa wanautetea mkataba kwa nia njema wangekuwa na kitu cha kushika, badala ya kuitana majina na wenzao.

Majirani zetu Kenya wamepita njia zote mbili, ya haraka na ya kusoma. Desemba 2014, baada ya mauaji ya Mandera, ikaletwa sheria ya usalama iliyokuwa inarekebisha sheria zaidi ya 20 kwa mkupuo mmoja. Ikapita tarehe 18 katikati ya vurugu, karatasi zinarushwa, watu wanashikana mashati, kesho yake Rais Kenyatta akasaini. Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu wakakaa wakaisoma kifungu kwa kifungu na kufuta vifungu nane, kikiwemo kile cha kuweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchi nzima. Hebu fikiria, nchi ilikuwa na wakimbizi wengi kuliko idadi hiyo, kambi ya Dadaab peke yake ilitosha kuivuruga hiyo hesabu. Hilo la mahakama kuwa msomaji wa kwanza ni ghali, linahitaji mawakili, miezi, na katikati watu wanaishi chini ya sheria ambayo kesho itaambiwa ni batili.

Njia ya pili ni Muswada wa Fedha wa 2024. Ule ulikaa hadharani kuanzia Mei mpaka kura ya Juni 25, wiki sita hivi, na ndani ya wiki hizo vijana wakafanya kitu ambacho sidhani kama kuna bunge Afrika Mashariki limewahi kukifanya, waliuchambua kipengele kwa kipengele kwenye TikTok na X, wakaueleza kwa Kiswahili, Sheng na lugha za nyumbani, wengine wakatengeneza programu unayoiuliza swali inakujibu kwa mujibu wa muswada. Juni 18 serikali ikaondoa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mkate na ile kodi ya magari ya asilimia 2.5, kabla hata ya kura. Hayo ni matunda ya kusoma kwa wakati. Alafu wabunge 195 wakapiga ndiyo dhidi ya 106, watu wakaingia bungeni, risasi zikapigwa, watu wakafa, na kesho yake Rais Ruto akasema hasaini. Kuna wanaochukua mfano huu kusema ona, ukiwapa wananchi muda wanaleta fujo. Mi nausoma kinyume chake. Wananchi walisoma, waliokuwa na jukumu la kusikiliza ndo hawakusikiliza, na muda hauwezi kutibu masikio ya mtu.

Na wala hii sio shida ya Kiafrika, maana najua kuna watakaoandika "hizi ndo nchi zetu". Marekani, Mei 2025, Baraza la Wawakilishi likapitisha ule muswada mkubwa wa Trump wa kodi na matumizi wenye kurasa zaidi ya 1,000 kwa kura 215 kwa 214, asubuhi baada ya kukesha. Kura moja! Mwanzoni mwa Juni mbunge Marjorie Taylor Greene, ambaye alipiga ndiyo, akajitokeza mwenyewe kusema hakujua kwamba kwenye kurasa za 278 na 279 kuna kipengele kinachozuia majimbo kutunga sheria za akili bandia kwa miaka 10, na kwamba angejua angekataa. Sasa piga hesabu, tofauti ni kura moja na huyu anasema angekataa. Seneti ndo ikaja kukitoa kile kipengele kwa kura 99 kwa 1. Mbunge mwenye wasaidizi wanaolipwa, ofisi, watafiti, hakuona. Wetu ana kishikwambi na katibu wake wa jimbo.

Huko huko Marekani jimbo la California wananchi wenyewe walipiga kura 2016 wakaingiza kwenye katiba ya jimbo kwamba muswada katika sura yake ya mwisho uwe umechapishwa na kuwekwa kwenye intaneti angalau saa 72 kabla ya kupigiwa kura. Angalia hapo kwenye "sura yake ya mwisho". Saa 72 zinahesabiwa kuanzia mabadiliko ya mwisho, ukibadilisha koma unaanza upya, isipokuwa gavana atangaze dharura ya kweli. Hiyo ndo dawa ya jedwali la marekebisho, na wala haihitaji pesa, inahitaji mtu wa TEHAMA pale ofisi ya Bunge na adabu kidogo.

Na dharura zenyewe je? Zipo. Machi 2020 Uingereza ilipitisha sheria ya Korona ndani ya siku sita, iliingia tarehe 19 na tarehe 25 ikawa sheria, na sidhani kama kuna mwenye akili angedai wasubiri mwezi. Ila waliifunga kamba: vifungu vyake vingi vilipewa uhai wa miaka miwili na bunge likawa linarudi kila miezi sita kupiga kura viendelee au visiendelee. Sisi hati ya dharura ikishatumika sheria inakuwa ya kudumu kama nyingine yoyote. Ile ya mtandao ya 2015 dharura yake ilikuwa ya wiki chache, yenyewe ipo mpaka leo.

Mtu ataniambia hata ukiwapa miezi sita hawatasoma, watapiga ndiyo kwa sababu chama kimesema. Kwa baadhi ni kweli, hasa bunge likiwa karibu lote la chama kimoja kama tulivyozoea. Ila kwanza muda sio wa mbunge peke yake, ni wa wale wanaomzunguka, chama cha wanasheria, chama cha wafanyabiashara, mwalimu wa chuo, mwandishi, mpigakura mwenye bando, ambao ndo wanamwambia mheshimiwa angalia ukurasa wa 14. Pili, muda unaondoa kisingizio. Saivi mbunge akiulizwa jimboni kwa nini ulipitisha kitu hiki, ana jibu tayari, tuliletewa jana. Na hilo jibu linawafaa pande zote, linamfaa yeye na linamfaa aliyeuleta muswada, ndo maana sioni wakilipigia kelele sana.

Kama ningeambiwa nibadilishe kitu kimoja tu kwenye kanuni ningeanzia kwenye ile hati yenyewe. Ibaki, Rais aendelee kuisaini, lakini iambatane na karatasi moja ya wazi inayosomwa ukumbini, isemwe ni nini kitaharibika muswada ukisubiri siku 21, na itajwe tarehe ambayo wizara ilianza kuuandika. Hiyo tarehe tu. Waziri asimame pale mbele ya kamera aseme, Mheshimiwa Spika, muswada huu tumeuandaa kwa miezi minane na naomba Bunge lako tukufu liupitishe Alhamisi.